Mhadhiri mkali, kazi lukuki: mwaka wa pili wa uuguzi unavukwaje?

kalamu_nyekundu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa walioko kwenye fani na wanaofundisha.

Ni mwaka wa pili wa uuguzi, somo la magonjwa ya ndani na upasuaji. Mhadhiri anapitisha slaidi 80 ndani ya saa mbili. Ukiuliza, jibu ni "kasome". Mtihani wake haufanani na slaidi: anakupa wagonjwa wanne au hatua nne, zote zinaonekana sahihi, kisha anauliza uanze na ipi. Mpango wa huduma (maandishi ya matatizo ya mgonjwa na utakavyomhudumia) unarudi umechorwa wino mwekundu na neno moja moja pembeni: "ushahidi?", "kipimo?", "kwa nini?". Wodini anasimama kando ya kitanda na kuanza kukuhoji dawa mbele za watu.

Kazi za wiki ni hizi: mihadhara siku tatu, wodi siku mbili za saa nane nane, mpango mmoja wa huduma, sura tatu hadi nne za kitabu, na kila baada ya wiki mbili jaribio la hesabu za dawa ambalo alama ya kufaulu ni 90. Kukesha hakusaidii tena.

Nataka kujua mambo matatu: maswali yake yanajibiwaje, wiki inapangwaje, na mhadhiri wa aina hii anaendewaje bila mtu kujiharibia. Tafadhali msiniambie "vumilia tu, kila mtu kapita huko".

chaki_na_wodi

Mdogo wangu, tuanze na huyo mhadhiri, maana watu huwa wanachanganya aina tatu. Mkali ni yule ambaye vigezo vyake havibadiliki: kosa lile lile linakatwa alama zile zile kwa kila mtu. Asiyejua kufundisha anajua somo ila hawezi kulimega. Mwonevu ni yule ambaye kazi mbili zenye kosa moja zinapata alama tofauti kutegemea ni za nani, au anamshambulia mtu akaiacha kazi. Kujua uko na yupi ni rahisi. Chukueni mipango minne au mitano ya huduma iliyosahihishwa, ya wanafunzi tofauti, mwandike pembeni maneno yote ya wino mwekundu. Yakijirudia yale yale kwa wote, mna mhadhiri mkali na tayari mmepata vigezo vyake bila kumwomba. Kwa ulivyoeleza, naona wa kwanza aliyechanganyika na wa pili. "Ushahidi", "kipimo" na "kwa nini" ndiyo maswali ambayo faili la mgonjwa huulizwa popote linapokaguliwa.

Sasa mtihani. Maswali ya "uanze na lipi" hayapimi kama unajua ugonjwa. Yanapima kama unajua ni nani atakufa kwanza. Anza kwa kusoma sentensi ya mwisho ya swali, ndipo urudi juu. Sentensi ya mwisho ndiyo inayosema kama unaulizwa hatua ya kwanza, dalili ya hatari au kauli ya mgonjwa inayohitaji maelekezo zaidi. Wengi hujibu vizuri sana swali ambalo hawakuulizwa.

Mfano. Umepokea zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza ana siku mbili tangu upasuaji wa tumbo, maumivu 7 kati ya 10. Wa pili ana kisukari, sukari 11 mmol/L kabla ya kula. Wa tatu amefanyiwa upasuaji wa goita saa sita zilizopita, anasema bandeji inambana na sauti imekuwa nzito. Wa nne anaruhusiwa leo, anataka kuelezwa dawa zake. Unaanza na nani?

Ukifuata anayelalamika zaidi utaenda kwa wa kwanza. Jibu ni wa tatu. Damu ikivujia ndani ya shingo inabana njia ya hewa, na mgonjwa anaweza kuziba kabisa ndani ya muda mfupi. Bandeji kuwa kavu kwa mbele isikudanganye: akiwa amelala chali damu hutiririkia kisogoni, kwa hiyo mkono unapitishwa nyuma ya shingo. Wa kwanza ana maumivu makali ila yanatarajiwa baada ya upasuaji. Hapo kuna sheria mbili kwa pamoja: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, na jambo lisilotarajiwa hutangulia linalotarajiwa.

Mtego wa pili ni "pima" dhidi ya "tenda". Watu hukariri kwamba kupima hutangulia daima, halafu wanakosa. Kama swali limeshakupa taarifa za kutosha (midomo ya bluu, oksijeni ya kidoleni 84%, anahema), umeshapima tayari. Mkalishe, mwekee oksijeni. Ukichagua "pima shinikizo la damu" hapo umekosa. Lakini kama swali linasema tu "mgonjwa amechanganyikiwa ghafla", hujui chochote bado: pima oksijeni na sukari kabla ya kufanya lingine.

Mtego wa tatu ni "mpigie daktari". Kwa kawaida hilo si jibu la kwanza kama kuna kitu mikono ya muuguzi inaweza kufanya sasa hivi. Linakuwa jibu pale ambapo kila kilicho ndani ya uwezo wako kimeshafanyika kwenye swali lenyewe.

Namna ya kufanya mazoezi: kwa kila swali unalokosa, usiandike jibu sahihi. Andika kwa nini kila moja ya yale matatu mengine si sahihi. Maswali 15 kwa namna hiyo yanakupa zaidi ya 100 ya kutiki na kuangalia majibu nyuma.

tone_kwa_dakika

Mimi naingilia hesabu tu, kwa sababu alama ya 90 haina huruma. Jaribio la maswali 20 linakuruhusu kukosa mawili. Na mara nyingi anayekosa anaijua kanuni. Kinachomwangusha ni vipimo na haraka.

Kanuni zenyewe ni chache. Dawa ya maji: unachotaka, gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo. Umeandikiwa amoksilini mg 375, chupa ina mg 125 kwa ml 5: 375 ÷ 125 × 5 = ml 15. Dripu ya matone: ujazo kwa ml, zidisha matone ya seti (mpira wa dripu hutoa matone mangapi kwa ml moja), gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, unahesabu 42 kwa dakika. Kosa la kila siku hapa ni kugawanya kwa 8 badala ya 480, unapata 2500. Mtu akiandika matone 2500 kwa dakika na kukabidhi karatasi, hakukosa hesabu, hakuangalia jibu. Kwenye seti ya matone 60 kumbuka njia ya mkato: ml kwa saa ni sawa na matone kwa dakika, kwa kuwa 60 na 60 zinafutana.

Watoto ndipo watu wanapoangukia. Tofautisha "mg kwa kilo kwa dozi" na "mg kwa kilo kwa siku". Parasetamoli mg 15 kwa kilo kwa dozi, mtoto wa kilo 12: mg 180. Sirapu ya mg 120 kwa ml 5 inakupa ml 7.5. Lakini ukiambiwa mg 50 kwa kilo kwa siku, mara tatu, mtoto wa kilo 18: 900 ndiyo ya siku nzima, dozi ni 300. Ukisahau kugawanya umempa mara tatu, na mhadhiri yeyote mwenye akili atakupa sifuri kwenye swali hilo hata kama hatua nyingine zote ni sawa.

Pampu ya dawa za moyo inatisha bila sababu. Dopamini mcg 5 (mikrogramu, 1000 ni mg moja) kwa kilo kwa dakika, mgonjwa kilo 60, mfuko una mg 400 ndani ya ml 500. Nguvu ya mfuko kwanza: mg 0.8 kwa ml, yaani mcg 800 kwa ml. Kisha mahitaji ya saa moja: 5 × 60 × 60 = mcg 18,000. Gawanya kwa 800, ni ml 22.5 kwa saa. Zile 60 mbili, moja ni kilo na nyingine ni dakika. Andika kipimo pembeni ya kila namba, hazitakuchanganya.

Mazoea ya kujenga: kadiria jibu kabla ya kushika kikokotoo. Geuza vipimo vyote mwanzoni, si katikati. Usikadirishe namba mpaka hatua ya mwisho. Andika 0.5, kamwe usiandike .5, na andika 5, kamwe usiandike 5.0, nukta isipoonekana dozi inakuwa mara kumi. Ukipata jibu linalotaka vidonge sita au bomba tatu za sindano, simama, rudia kuanzia juu.

Fanya maswali 10 kila siku kwa dakika 20, si 70 Jumapili usiku. Kila kosa liandike kwa aina yake: kugeuza vipimo, kanuni, kusoma swali, kikokotoo. Baada ya wiki mbili utaona aina moja inabeba sehemu kubwa ya makosa yako. Hiyo ndiyo ya kushughulikia, nyingine ziache kwanza.

kalamu_nyekundu

Asanteni sana, hiyo ya shingo na kisogo sikuwa nayo. Kuhusu mpango wa huduma, huu hapa muhtasari wa uliorudi: "Tatizo: nimonia. Lengo: mgonjwa apumue vizuri. Hatua: kumpa oksijeni, kumpa dawa kama alivyoandikiwa, kumfariji. Matokeo: amepata nafuu." Nimepata 4 kati ya 10. Kasoro ni ipi hasa?

sista_wa_zamu

4 amekupa kwa ukarimu, dada yangu. Usikasirike, tuufungue.

Nimonia ni utambuzi wa daktari. Muuguzi anaandika jinsi mwili wa mgonjwa huyu unavyoitikia ugonjwa na ambavyo muuguzi anaweza kuvibadilisha. Sentensi ina sehemu tatu: tatizo, chanzo, ushahidi. Kwa mfano: "Kushindwa kusafisha njia ya hewa, kutokana na makohozi mengi mazito, kama inavyoonyeshwa na kikohozi kisichotoa kitu, milio ya makohozi sehemu ya chini ya pafu la kulia, pumzi 28 kwa dakika na oksijeni ya kidoleni 91% bila mashine." Hapo swali lake la "ushahidi?" limekufa.

Ila angalia chanzo. Chanzo lazima kiwe kitu ambacho hatua zako zinakigusa. Ukiandika "kutokana na nimonia" umejifungia mlango, kwa sababu hatua za uuguzi haziondoi nimonia yenyewe. Ukiandika makohozi mazito, hatua zinajileta zenyewe: maji, mkao, kukohoa, kugeuzwa.

Lengo linabeba mtu, tendo, kipimo na muda. "Ndani ya saa 24 mgonjwa atakohoa na kutoa makohozi mwenyewe, pumzi zitakuwa 12 hadi 20 kwa dakika, oksijeni 94% au zaidi." Tahadhari ndogo ambayo wahadhiri wakali hupenda kuitega: kama mgonjwa ana ugonjwa sugu wa mapafu na yuko kwenye hatari ya kulimbikiza kaboni dayoksaidi, lengo la kawaida ni 88 hadi 92%. Ukimwandikia 94 kwa mazoea atakukata, na atakuwa na haki.

Hatua ziandike kiasi kwamba mtu wa zamu ya usiku anaweza kuzifanya bila kukupigia simu. "Kumpa oksijeni" haitoshi: kwa kifaa gani, lita ngapi kama ilivyoagizwa, na utapima tena baada ya muda gani. "Mkalishe nyuzi 45, kiwambo cha moyo kinashuka na mapafu yanapata nafasi." "Maji lita 2 hadi 3 kwa siku kama moyo na figo vinaruhusu, yanalainisha makohozi." "Pumzi ndefu na kukohoa kila saa 2 akiwa macho, dawa ya maumivu itangulie kama kifua kinauma, kwa sababu anayeumia hakohoi." Kila hatua na sababu yake kwenye mstari huo huo, hiyo ndiyo "kwa nini?" aliyokuwa anaitafuta. Hatua sita zenye sababu ni bora kuliko kumi na tano za kunakili. Na "kumfariji" ama eleza unafanya nini, ama ifute.

Matokeo yanarudi kwenye lengo kwa namba. "Lengo limefikiwa kwa sehemu: pumzi 22, oksijeni 94%, ametoa makohozi ya njano kijiko kimoja, milio bado ipo. Endelea, ongeza kugeuza kila saa 2." "Amepata nafuu" ni maneno ya ndugu wa mgonjwa.

Muda: mpango mmoja usizidi saa 3. Dakika 20 kukusanya taarifa wodini kwa karatasi iliyochorwa tayari (alama muhimu za mwili, vipimo vya maabara, dawa, ngozi, chakula, choo, mkojo, anachosema mwenyewe), dakika 40 kupanga matatizo kwa uzito, saa moja na nusu kuandika, nusu saa kuusoma upya kwa yale maswali matatu mekundu. Taarifa zikusanye zote siku ile ile ukiwa wodini. Kinachokula usiku wako ni kukumbuka nusu na kubuni nusu. Jina la mgonjwa lisionekane popote kwenye karatasi unayotoka nayo.

saa_168

Nakubaliana na wote isipokuwa mmoja: saa 3 za mpango hazitapatikana kama wiki yenyewe haijahesabiwa. Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala (7 kwa siku, na hizi hazikopeshwi), 16 za wodi, 18 za mihadhara kama ni sita kwa siku, 21 za kula, kuoga na kufua, 10 za njiani. Zinabaki 54. Ukitumia 30 kusoma bado una 24. Zikitumika 30 kweli, mzigo unabebeka. Tatizo la wengi ni kwamba hizo 30 ni za kukaa na kitabu, kumi tu ndizo za kusoma.

Sura nne kwa wiki hazisomwi toka mwanzo hadi mwisho. Anza na maswali ya mwisho wa sura, kisha majedwali, kisha sehemu ya huduma ya uuguzi, halafu rudi kwenye maelezo ya ugonjwa pale tu ambapo hukuelewa kwa nini. Toa karatasi moja kwa ugonjwa mmoja. Na karatasi hiyo isiwe orodha, iwe mishale.

Chukua moyo kushindwa kufanya kazi. Upande wa kushoto ukichoka, damu inarudi nyuma kwenye mapafu: ndiyo maana hawezi kulala chali, mapafu yanatoa milio, na ikizidi anatoa povu la rangi ya waridi. Upande wa kulia ukichoka, damu inarudi mwilini: miguu inavimba, mishipa ya shingo inasimama, ini linakua. Anapewa furosemide, anakojoa maji pamoja na potasiamu. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L, ikishuka, digoksini (dawa ya moyo) inakuwa sumu hata kwa dozi ile ile. Kwa hiyo kabla ya digoksini unahesabu mapigo kwenye moyo dakika nzima, yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima unaizuia na kutoa taarifa. Na uzito unapimwa kila asubuhi, mzani ule ule, baada ya kukojoa, kwa sababu kilo moja ni takriban lita moja ya maji. Mshale mmoja huo umebeba dalili, vipimo, dawa na maelekezo ya mgonjwa, na maswali ya "uanze na lipi" yanatoka humo humo. Slaidi 80 zikipitiwa kwa jicho hilo zinabaki karatasi tatu au nne.

Kisha funga kitabu, chora tena bila kuangalia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma maandishi mara kwa mara na waliojipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima ndio walikuwa mbele. Ndiyo sababu kukesha kunakupa hisia kwamba unajua: unajipima dakika tano baadaye. Rudia karatasi siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 14, dakika kumi zinatosha.

Kundi la kujadili lisizidi watu wanne, kila mmoja aje na maswali yake kumi yaliyoandikwa. Likizidi hapo ni baraza. Kahawa nayo: nusu yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, ya saa mbili usiku inakuwa nawe saa saba.

Siku ya wodi usipange sura yoyote. Panga kurudia tu. Anayejiwekea kusoma kurasa 40 baada ya kusimama saa nane anajitafutia kujichukia bure.

chaki_na_wodi

Narudi kwenye kumwendea mhadhiri, hilo halijajibiwa.

"Sijaelewa somo" haimwambii chochote, na ndiyo inayoleta "kasome". Tumia mpangilio ule ule wa kutoa taarifa ya mgonjwa kwa simu: hali, historia, tathmini, ombi. Barua pepe ya mistari mitano inatosha:

"Mheshimiwa Mhadhiri, naandika kuhusu mpango wa huduma wa wiki ya nne, nilipopata 4 kati ya 10. Nimepitia maoni yako na sura inayohusika. Naona kosa langu lilikuwa kuandika utambuzi wa kitabibu na lengo lisilo na kipimo. Nimeandika upya tatizo moja, nimeliambatanisha. Naomba dakika kumi za muda wako wa ofisini ili unioneshe kama chanzo nilichotaja kinakubalika."

Umemletea jaribio, kosa ulilojitambulia mwenyewe, na swali moja linalojibika. Mhadhiri mkali huwa hana jinsi ya kukataa hilo. Usiombe alama kwenye barua hiyo hiyo.

Kuhojiwa kitandani: kwa kila dawa ya mgonjwa wako ingia wodini na mambo matano. Kwa nini mgonjwa huyu anaitumia, dozi na njia, unapima nini kabla ya kutoa, madhara mawili ya hatari, na utafanya nini yakitokea. Mofini: pumzi kabla, zikiwa chini ya 12 zuia na toa taarifa, kizuia sumu ni naloksoni. Hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda: kutokwa damu, kizuia sumu ni protamini. Potasiamu ya mshipa: huyeyushwa na kupita polepole, haisukumwi kwa bomba hata siku moja. Usipojua, sema "Sijui, nitatafuta na nitaleta jibu kabla ya zamu kuisha", kisha ulilete kweli. Kubahatisha kwenye dawa ndiyo kosa ambalo hatalisahau. Na kama swali lenyewe linamtisha mgonjwa, kwa mfano kuuliza mbele yake saratani yake itampeleka wapi, ni halali kusema kwa sauti ya chini: "Naomba tulijibu nje."

sista_wa_zamu

Niongeze upande wa uonevu, maana upo. Akitukana, akikugusa, akidai kitu ili upate alama, hapo hakuna barua ya dakika kumi. Andika siku hiyo hiyo tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Maneno, si hisia zako. Kwa mambo ya alama njia huwa inapanda hivi: mhadhiri, mratibu wa kozi, mkuu wa idara, kisha mlezi wa wanafunzi. Kwa unyanyasaji ruka hatua ya kwanza. Rufaa ya alama ina muda wake kwenye kitabu cha kanuni za wanafunzi, mara nyingi ni siku chache, kwa hiyo kisome kabla hujakihitaji. Msianze na waraka wa darasa zima wenye sahihi 60: unapokosa matukio yenye tarehe, unajibiwa kwa sentensi moja.

Na kama usingizi umekataa wiki mbili mfululizo, unalia kabla ya kila zamu au unafikiria kujidhuru, hiyo haipangwi kwa ratiba. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya leo. Ukiwa wodini katika hali hiyo mwambie msimamizi usishike dawa siku hiyo.

kalamu_nyekundu

Nimeelewa. Swali la mwisho: leo Jumatatu, jaribio la hesabu ni Alhamisi asubuhi, mpango wa huduma unatakiwa Ijumaa jioni, wodi ni Jumanne na Jumatano. Nianze na lipi?

tone_kwa_dakika

Hesabu leo, sasa hivi. Fanya maswali 20 kwa saa moja bila msaada, uyapange makosa kwa aina zake. Jumanne wodini chagua mgonjwa wa mpango na ukusanye taarifa zote kwenye ile karatasi. Jioni maswali 10 ya aina moja tu unayokosa. Jumatano wodini chukua vipimo vya mara ya pili kwa mgonjwa yule yule, utavihitaji kwenye matokeo. Jioni maswali 10 mchanganyiko, kisha lala saa nne usiku. Alhamisi ukitoka kwenye jaribio pumzika mpaka mchana, halafu panga matatizo kwa uzito na uandike tatizo la kwanza. Ijumaa asubuhi malizia na ulisome kwa yale maswali matatu mekundu. Sura za wiki hii soma majedwali na huduma ya uuguzi peke yake, zilizobaki zisogeze Jumamosi.

kalamu_nyekundu

Nimefanya 20. Nimekosa 6, nne ni za kugeuza mcg kwenda mg.

tone_kwa_dakika

Basi kesho jioni ni hizo tu. Gawanya kwa 1000, sogeza nukta kushoto mara tatu, na andika sifuri mbele ya nukta.